Ndiyo Zote za Papa Komisere

Kazi yangu ya kwanza katika maisha ilikuwa kuimba ndiyo za mutu mwingine.

Wakati ule wa Zaire mbunge hakuitwa mbunge. Alikuwa komisere wa watu, na wa kwetu Kalemie tulimuita Papa Komisere, wakubwa kwa wadogo. Alikaa Kinshasa, kwenye Baraza la kutunga sheria, na kila aliporudi kwa likizo kikundi chetu cha animasio kilimupokea pale gare ya treni kwa ngoma. Kila kata ilikuwa na kikundi chake cha wanawake na vijana, waliovaa kitenge kimoja na kuchezea wakubwa wa Chama. Lakini kikundi chetu kilikuwa na desturi ambayo vingine havikuwa nayo. Tulikuwa na wimbo mumoja murefu wa Papa Komisere, na kila aliporudi tuliongeza mustari wa jambo kubwa alilopitisha huko Kinshasa.

Shida ya wimbo ule ni kwamba mistari yote ilimalizika sawasawa. Majina ya Kizungu yalikatazwa, watu wakachukua majina ya babu zao: Papa Komisere alisema ndiyo. Maduka ya wageni yakapewa wananchi: alisema ndiyo. Rafu zikabaki tupu, ikaamuliwa wageni warudishiwe: alisema ndiyo. Shule za misheni zikawa za serikali, misalaba ikashushwa: ndiyo. Halafu wakaona afazali mapadri na masista wazichukue tena: ndiyo, na misalaba ikapanda kwenye misumari ileile. Wamama wa kikundi walisema mustari wa shule ni kama meli ya Kigoma, unakwenda na unarudi na watu walewale.

Hakuna aliyemuchukia kwa sababu ya zile ndiyo. Redio ilisema kila mara kwamba sheria imepitishwa kwa makofi ya wote, na sisi tulijua wote maana yake ni wote. Tena alikuwa mutu wa kupendwa. Akisha kushuka katika treni, alitoa leso mufukoni akacheza kidogo mbele yetu, polepole, kama mutu anayejaribu viatu vipya, kisha akatusalimu kwa mukono mumoja mumoja, hata watoto waliokuja kutazama tu.

Miye nilikuwa mutunzi wa mistari mipya, ya zamani niliikuta. Shule nilikuwa nimefika sekondari mwaka wa tatu, kisha mama akaugua miguu, nikabaki nyumbani kumusaidia kuanika ndagala. Lakini kichwani niliishi kwingine. Nilitaka kuwa musemaji wa redio. Muchana, nikigeuza samaki juu ya muchanga, niliwasomea habari za ulimwengu kwa sauti nzito, na mama alikuwa akisema kutoka kivulini, "Wasomee vizuri, pengine wataongezeka bei." Mama Kiongozi wetu, mwanamuke munene muuza maandazi, alinisikia siku moja, akasema mutoto mwenye kuzungumuza na ndagala anaweza kuandikia hata komisere. Njo vile nilipata kazi.

Mwaka ninaotaka kueleza, shemeji yangu alikufa kwa homa. Alikuwa mume wa yaya, ndiyo kusema ndugu yangu mukubwa wa kike. Alikuwa muvuvi, jamaa yao walitoka kando ya ziwa upande wa kaskazini zamani za babu yao, watu wa nyavu na wa sala. Aliacha mutumbwi, nyavu, watoto wadogo na nyumba ya matofali kwenye barabara inayoshuka ziwani. Ile nyumba ninaijua kuliko kwetu. Udongo wa matofali yake yaya aliukanyaga mwenyewe kando ya muto Lukuga, akiwa na mimba ya kwanza, shemeji akijaza kalibu. Ukitazama ukuta wa chumba cha nyuma utaona tofali lenye alama ya muguu wa kuku. Kuku alipita, wakacheka, wakaliacha hivyo.

Na sasa nyumba hiyo njo ilileta maneno. Katika jamaa ya shemeji, siku ya kumaliza kilio mujane anaweka ufunguo wa nyumba juu ya mukeka, mbele ya wazee. Wazee wanasema, na kichwa cha jamaa anasema mwisho. Kisha anauinua ufunguo na kumupa yule atakayeikaa nyumba. Siku zote alikuwa ndugu wa marehemu. Mujane anafunga vitu vyake, anarudi kwa baba yake. Watoto wanabaki, kwa sababu watoto ni wa upande wa baba.

Yaya hakuwa na usingizi kwa ajili ya ule ufunguo. Aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake, na mara kwa mara mukono wake ulikwenda pale kuupapasa.

Kilio hakikumalizwa mara moja kwa sababu kichwa cha jamaa hakuwako. Kichwa cha jamaa alikuwa Papa Komisere. Baba ya shemeji alikuwa mudogo wake wa tumbo moja.

Tulipokuwa tunamungoja, mudogo wa shemeji akaanza kuja kila jioni kuketi barazani. Hakuwa mubaya. Alikuwa amepanga chumba kimoja na muke na watoto wake, na mvua ilikuwa inalala nao. Lakini alitazama mabati ya yaya kwa macho ya mutu aliyekwisha kuingia.

"Shemeji," alisema siku moja, "hili dirisha nitalipanua. Nyumba inakosa hewa."

"Lipanue," yaya akajibu, anafagia. "Ila kwa sasa simama inje, kuna hewa nyingi."

Akacheka, na yaya akacheka kidogo. Kisha yaya akaingia ndani, nikamukuta amekaa kwenye kitanda cha watoto, anakunja shati ndogo ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Muchana mumoja nilikuwa katikati ya ndagala zangu, redio ya jirani ikasema kwa Kiswahili kwamba Baraza limepitisha sheria kubwa ya jamaa. Ndani yake mulikuwa maneno mengi, ya ndoa, ya watoto, ya mahari. Lakini neno moja lilinisimamisha na samaki mukononi: mujane asiondoshwe katika nyumba aliyokaa na mume wake. Imepitishwa kwa makofi ya wote.

Nilikimbia mpaka kwa yaya na harufu yangu yote.

"Yaya, umepona. Papa Komisere amesema ndiyo."

Alikuwa anachambua muchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, nikarudia kwa sauti ya redio.

"Ni sheria nzuri," akasema.

"Mbona hufurahi?"

"Ninafurahi, mudogo wangu. Lakini sheria iko Kinshasa. Ufunguo uko hapa." Akagusa kitenge chake. "Tena yule ni mutu mumoja lakini ana viti viwili. Kile cha kule anakikaa na wenzake. Hiki cha hapa anakikaa na baba zake."

Miye sikutaka kusikia mambo ya viti. Nilitunga mustari siku hiyohiyo, na sitaona haya kusema ulikuwa muzuri:

Mujane, kaa pa mulango wako,
ufunguo ni wako, kaa;
Papa Komisere alinyosha mukono,
Papa Komisere alisema ndiyo.

Niliwaza hivi: mutu aliyeimbiwa mbele ya muji muzima atawezaje kwenda nyumbani na kufanya kingine? Mama Kiongozi aliposikia, alinitazama sana kabla ya kusema, "Wewe, hauzungumuzi na ndagala tu. Unavua." Lakini akakubali, akatufundisha namna ya kuucheza.

Treni ya kutoka Kabalo ilipashwa kufika alhamisi. Ilifika jumamosi asubuhi, wakati wa salongo, watu wote wako barabarani wanakata majani kwa amri ya muji. Basi wakaja gare na majembe na mafagio yao, na mapokezi yakawa makubwa kuliko mwaka wowote. Papa Komisere akashuka, amevaa abakosti yake ya rangi ya majivu, lile koti la wakubwa wa Chama. Tukaanza na mistari ya zamani, majina, maduka, shule kwenda na kurudi. Akatoa leso, akacheza, watu wakacheka kwa kupenda.

Tukafika kwenye mustari wangu. Wanawake waliokuwa na mafagio wakaudaka palepale, wakaurudia, wakaurudia tena, kwani mujane hakosekani katika jamaa yoyote.

Papa Komisere akaacha kucheza. Hakukasirika. Alisimama tu na leso mukononi, halafu akavua miwani, akaanza kuipangusa na ile leso, muda murefu kuliko miwani inavyohitaji. Akatusalimu kwa mukono harakaharaka, akaingia katika gari.

"Mustari wako una miba," Mama Kiongozi akaninong'oneza.

Kilio kilimalizwa wiki ileile, muchana, katika kiwanja cha yaya. Wazee waliketi kwenye viti, wanawake chini. Upande wetu tulikuwa yaya, mama na miguu yake iliyovimba, na miye. Mama Kiongozi alikuja kama jirani, na beseni la maandazi ili asionekane amekuja kusikiliza. Katikati ya wazee aliketi Papa Komisere, na kuume kwake muzee mumoja asiyeona vizuri, baba yake mudogo, wa mwisho aliyebaki katika kizazi kile. Huyo njo aliyekuwa kichwa cha jamaa zamani. Macho yalipokwisha, akamuachia Papa Komisere kiti.

Yaya akafungua ncha ya kitenge. Akauweka ufunguo juu ya mukeka, akarudi nyuma bila kugeuka.

Mudogo wa shemeji akasema wa kwanza, kwa heshima. Akasema kaka yake alikuwa mutu wa desturi, na yeye haombi kitu kipya. Wengine wakasema vilevile, kwa maneno mengine. Shangazi mumoja wa jamaa hiyohiyo, mujane naye, akasafisha koo.

"Miye ninauliza tu," akasema. "Gare tumeimba nini? Majembe yote ya Kalemie yameimba kwamba kaka yetu alisema ndiyo. Sasa tuliimbia mutu gani?"

"Mambo ya Kinshasa yabaki Kinshasa," muzee mumoja akakata.

"Basi na abakosti ibaki Kinshasa," shangazi akajibu, watu wakashusha macho ili wasicheke.

Papa Komisere hakucheka. Aliuliza, "Nani alitunga ule mustari?"

Magoti yangu yalisimama yenyewe. "Ni miye, Papa."

"Nani alikuambia nilisema ndiyo?"

"Ni redio, Papa. Ilisema wote."

"Redio," akasema, polepole, kama mutu anayelionja neno. "Keti, mutoto wangu. Haukukosa. Redio inasema wote kwa sababu haihesabu mutu aliye chini ya meza."

Hakuna aliyeelewa. Akavua miwani tena.

"Ndiyo zile nyingine munazoimba ni zangu," alisema. "Za majina, za maduka, za shule. Pale Baraza mikono inapanda pamoja, na wako unapanda kabla hujauambia. Sijitetei. Mutu ana watoto, ana muji unaomungojea arudi muzima. Lakini sheria hii ya wajane, sikusema ndiyo."

Mudogo wa shemeji akainua kichwa. Yaya hakutikisika.

"Wala sikusema hapana. Waliposema tunyoshe mikono, niliinama chini ya meza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa hapa." Akagusa mufuko wa kifua. "Nilibaki kule chini mpaka makofi yakaisha. Katika miaka yote niliyokaa mule ndani, hiyo njo mara moja tu ambayo sikuwa ndani ya wote."

"Na kwa nini?" shangazi akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Baba yetu alipokufa nilikuwa katika shule ya msingi. Mama aliweka ufunguo namna hii. Baba zangu wadogo wakauchukua. Na hao njo walionilea. Hao njo walionisomesha, wakauza samaki mpaka nikavaa hii nguo. Mama akarudi kwao Zongwe, akafia kule katika nyumba ya watu, na miye niko internati, shule ya kulala, kule Moba, ninajifunza Kifaransa. Sasa nifanye nini? Nikinyosha mukono, ninasema walionilea walikuwa wezi. Nikiubakiza chini, ninasema mama yangu alistahili kuondoshwa. Njo nikatafuta kalamu."

Kulisikika tu kuku wakiparua nyuma ya jikoni, na Mama Kiongozi aliyekuwa amesahau andazi mudomoni.

Muzee asiyeona akapapasa mpaka akapata goti la Papa Komisere.

"Niliuinua miye, ule ufunguo," akasema. "Wenzangu wamekwenda, nimebaki, basi nitasema. Mama yako hakulia. Aliweka ufunguo, akachukua sufuria yake, akashuka ziwani kupanda mutumbwi. Hakutukana mutu. Toka siku hiyo ninajiuliza mbona hakulia. Kama angelia ningesahau." Akalibana lile goti. "Hatukuwa wezi, mutoto. Tulifanya vile tulivyokuta. Lakini sema neno lako leo. Na usitafute kalamu, hapa hatuna meza."

Watu wakacheka, cheko la kutoa pumzi. Hata Papa Komisere alicheka, akapangusa macho kwa mugongo wa mukono. Kisha akainama, akauokota ufunguo.

Hakumupa yaya mara moja. Aliushika akamutazama.

"Ukipata mume mwingine?"

"Papa," yaya akasema, "nitaomba nipate kwanza usingizi."

Akamupa. Mbele yetu sisi wote akauweka katika kiganja cha yaya na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Akasema nyumba ni ya mama na watoto wake. Mutumbwi na nyavu ni vya mudogo wa marehemu, na samaki wa chakula cha watoto atawaleta yeye.

"Papa mukubwa," mudogo wa shemeji akasema, "na miye? Watoto wangu walale ndani ya mutumbwi? Umenitolea desturi mukononi."

"Nimekutolea. Ninajua." Papa Komisere hakuficha uso. "Utajenga, kama kaka yako."

"Kaka alijenga na muke."

"Na wewe unaye. Miye sijamuuliza kama anajua kukanyaga udongo."

Muke wa yule, aliyekuwa ameketi nyuma yetu, akasema bila kungoja ruhusa, "Ninajua, ila hakuniuliza hata siku moja." Na yaya, ufunguo mukononi, akageuka akamuambia kalibu ya matofali iko nyuma ya mulango, waje waichukue hata kesho. Mudogo wa shemeji aliondoka bila kula. Kalibu alituma mutu kuichukua baada ya majuma mengi. Siku hizi tukipita kando ya Lukuga tunaona tanuru yake, na mara nyingine anatusalimia, mara nyingine hapana.

Watu walipokuwa wanagawana maandazi, nilikwenda mbele ya Papa Komisere, nikapiga magoti kidogo.

"Papa, mustari niutoe? Haukusema kweli."

Akafikiri. "Uache," akasema. "Ulinitangulia kufika, njo vile tu. Treni ilichelewa."

Nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwa mujinga siku hiyo, kama huko Kinshasa anajua mutu wa redio. Akasema anajua mumoja. Akaniambia nisome kwanza mbele ya watu wasio samaki. Mpaka leo nasoma matangazo kanisani siku ya Mungu, na ninangoja.

Mwaka uliofuata treni ilifika siku yake, jambo la ajabu, na wengi wetu hatukuwa tumevaa vizuri. Papa Komisere akashuka. Nywele zake zilikuwa zimeongezeka weupe. Mwaka huo hakukuwa na mustari mupya, alikuwa hakupitisha kitu cha kuimba. Tukaimba wa zamani. Kwenye majina alicheza, kwenye maduka alicheza, kwenye shule akacheza kwenda na kurudi, watu wakapiga vigelegele. Yaya alikuwa amesimama kati ya wauza ndagala, ufunguo shingoni kwa kamba.

Tulipofika kwenye mujane, akarudisha leso mufukoni. Akanyosha mukono juu, wima, kama mutoto wa darasa la kwanza, akaushikilia hivyo mpaka tukamaliza kuurudia. Wakubwa wa Chama waliokuja kumupokea wakaangaliana. Mumoja akaanza kunyosha wake pia, asijue kwa nini.

"Papa anaomba ruhusa ya kwenda wapi?" mutoto mumoja akauliza.

"Haendi mahali," Mama Kiongozi akamujibu, bila kuacha kucheza. "Amefika."